Somo la Kujisomea: Kutengeneza Gazeti la Chama kwa Kompyuta

Kazi ya gazeti la chama ni kumwambia mwanachama yaliyotendeka kwa mali yake. Mkulima wa korosho wa Kitaya au Mahurunga hupeleka mzigo wake kwenye ghala la chama, hupewa karatasi ya uzito, kisha mzigo humtoka mkononi. Tangu hapo hadi fedha ziingie katika akaunti yake, yote ayajuayo ni yale anayoambiwa. Akiambiwa mapema na kwa usahihi, hungoja kwa utulivu. Asipoambiwa, atasikiliza ya barazani na ya kivukoni Kilambo, na habari za kivukoni hazina katibu wa kuzijibia.

Mkoa wa Mtwara una sababu za kutosha za kulijua jambo hili. Ndiko mfumo wa stakabadhi ghalani ulikoanza kutumika kwa korosho, katika msimu wa 2007/2008, na tangu hapo mkulima amekuwa akingoja bei ya mnada badala ya kupokea fedha mkononi kwa mnunuzi. Mwezi Aprili 2013, katika wilaya ya Liwale mkoani Lindi, wakulima waliopata malipo pungufu kuliko walivyotarajia walifanya ghasia, na nyumba zikachomwa moto. Gazeti haliwezi kuongeza bei hata kwa senti moja. Lakini makato yasiyoelezwa na makato yaliyoelezwa si kitu kimoja kwa mtu anayeyakatwa. Tena, tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho imeendeshwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Zabuni huonekana kwenye kioo. Mwanachama ambaye hakukiona kioo hicho anastahili karatasi.

Somo hili linahusu namna chama cha msingi, au kikundi cha vyama vinavyopakana, kinavyoweza kuitengeneza karatasi hiyo chenyewe, ofisini mwake, bila kungoja kiwanda cha uchapaji.

Wakongwe wa ushirika wataikumbuka stensili. Karani alitoa utepe wa wino katika mashine ya kupiga chapa, akaingiza karatasi yenye nta, na kila herufi ikatoboa njia yake. Kosa lilizibwa kwa dawa ya kupaka, likangojwa likauke, kisha likapigwa upya juu yake. Stensili iliyomalizika ilivishwa kwenye pipa la mashine ya kurudufu ya Gestetner, mkono ukazungusha, na nakala zikatoka zikinuka wino. Ilikuwa kazi chafu, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo kompyuta haijaishinda: kwa kuwa kosa lilikuwa ghali kulisahihisha, mtu alifikiri kabla ya kupiga. Waliotaka kazi nzuri zaidi waliipeleka kwenye kiwanda cha misheni cha Ndanda, kilichochapa vitabu vingi vya Kiswahili, ama waliipeleka Dar es Salaam. Na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mto Rufiji na barabara ya masika ndivyo vilivyoamua siku ambayo gazeti lingerudi.

Kompyuta zenyewe zilichelewa kufika. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine hizo kwenda kombo. Fundisho la jaribio lile lingali hai: daftari lililovurugika likiingizwa katika kompyuta hutoka likiwa limevurugika vilevile, ila kwa herufi nzuri zaidi. Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Wakati vyama hivyo vilipokuwa vikijipanga upya, huko Marekani mambo matatu yalikutana katika mwaka mmoja, 1985. Kulikuwa na kompyuta ya Macintosh, iliyoonyesha ukurasa kwenye kioo kama utakavyotoka kwenye karatasi. Kulikuwa na printa ya LaserWriter, iliyotumia lugha ya PostScript ya kampuni ya Adobe kuchora herufi safi. Na kampuni ya Aldus, iliyoongozwa na Paul Brainerd, ikatoa programu ya PageMaker. Mtu mmoja mezani pake aliweza sasa kufanya kazi ya mpanga herufi, mchora mistari na mkata karatasi. Programu zote za kupanga kurasa zinazotumika leo zimefuata njia ile.

Katika kuchagua programu, chama kisikimbilie jina kubwa. InDesign ya Adobe ndiyo itumiwayo na viwanda vingi, lakini hulipiwa kila mwezi au kila mwaka, na fedha hiyo ni ya wanachama. Publisher ya Microsoft imo katika kompyuta nyingi za ofisi. Hata hivyo kampuni yenyewe ilitangaza mwaka 2024 kwamba mwisho wa kuihudumia ni Oktoba 2026, kwa hiyo si busara kuanza nayo. Scribus hutolewa bure, hufanya kazi hata katika kompyuta isiyo mpya, na mtu haitaji kuiba nakala wala kuogopa mkaguzi. Upungufu wake ni kwamba maneno ya vitufe vyake yako katika Kiingereza. Hilo lisimtishe mtu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu za ofisi zenye maneno ya Kiswahili, Jambo OpenOffice, ukaonyesha kwamba lugha yetu yaiweza kazi hiyo. Hadi wengine wafanye hivyo kwa programu za kurasa, kikundi chaweza kuandika katika daftari lake vitufe ishirini vinavyotumika kila siku pamoja na maana zake. Vitufe vingine vyaweza kukaa miaka bila kuguswa.

Jambo la kwanza la kuelewa, nalo huwatatiza karibu wote waliozoea kuandika barua kwa kompyuta, ni tofauti ya kuandika na kupanga. Katika programu ya barua, maneno hujaza karatasi kutoka juu kwenda chini, na picha ikiingizwa huyasukuma yote. Katika programu ya kurasa, hakuna neno linalokaa bila fremu. Anayelima mpunga katika bonde la Ruvuma ataelewa mara moja. Ukurasa ni shamba, na fremu ni majaruba. Mpangaji kwanza hukata majaruba yake: hili la kichwa cha habari, haya mawili ya maelezo, hili la picha, hili la jedwali la bei. Kisha huingiza maji, yaani maneno. Jaruba la kwanza likijaa, hufunguliwa njia ili maji yaingie la pili. Katika Scribus hufanywa hivyo kwa kuunganisha fremu moja na nyingine. Asiyefungua njia, maji yake hayana pa kwenda.

Hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko zote katika kazi hii. Maneno yakizidi fremu, hayaonekani. Hayapasuki, hayalalamiki, hujificha, na alama ndogo tu ya kisanduku chenye mkasi wa mistari huonekana katika pembe ya chini, upande wa kulia. Ichukuliwe mfano wa taarifa ya mnada yenye mistari saba: bei ya mnunuzi, makato manne, jumla ya makato, na mwisho malipo ya mkulima kwa kilo. Karani akiongeza ukubwa wa herufi kidogo ili wazee wasome vizuri, mstari wa mwisho huanguka nje ya fremu. Gazeti hutoka likieleza kila kilichokatwa, lisieleze kilichobaki. Nani atakayeamini kwamba ni bahati mbaya? Kwa sababu hiyo Scribus ina kikaguzi kinachoorodhesha makosa kabla ya kutoa faili la PDF: fremu iliyofurika, picha isiyopatikana, picha hafifu. Kikaguzi hicho kisirukwe hata siku ya haraka, na hasa siku ya haraka.

Baada ya hayo, kazi yenyewe huenda kwa utaratibu. Hufunguliwa faili jipya la ukubwa wa A4, vipimo vikiwa vya milimita. Karatasi hiyo ina upana wa milimita 210. Pambizo ya milimita 15 kila upande huacha 180, na safu mbili zenye nafasi ya milimita 6 katikati huwa na upana wa milimita 87 kila moja. Safu tatu zingekuwa na milimita 56 tu, na hapo Kiswahili hubanwa. Maneno yetu ni marefu, kwa kuwa kitenzi hubeba mtendaji, wakati na mtendwa katika mwili mmoja. Neno kama “yaliyokusanywa” au “tutakapowalipa” hula nusu ya safu nyembamba. Mpangaji akilazimisha mistari iwe sawa pande zote mbili, hutokea mianya mikubwa baina ya maneno, na ukurasa huonekana kama kinywa kilichong'oka meno. Dawa ni safu mbili, na mistari isawazishwe upande wa kushoto peke yake.

Kadhalika, programu iliyofunzwa kwa Kiingereza isiachiwe kukata maneno mwishoni mwa mstari. Yaweza kukata “ush-irika” au “wanac-hama”, jambo ambalo mtoto wa darasa la pili angelikataa. Silabi ya Kiswahili aghalabu huishia kwa vokali, na hukatwa baada ya vokali hiyo: u-shi-ri-ka, sta-ka-ba-dhi, ko-ro-sho. Sauti kama sh, ch, dh, ny, ng', mb na nd hazigawanyiki. Maneno machache yaliyotoka lugha nyingine, kama “daftari”, hufuata njia yake: daf-ta-ri. Na hata pale kanuni inaporuhusu, si vyema kuacha herufi moja peke yake mwisho wa mstari, kama m ya “mkulima”. Katibu ambaye hana muda wa kuyapima haya na azime ukataji wa maneno kabisa, hapotezi kitu.

Kosa jingine la wanaoanza ni tamaa ya herufi. Kompyuta ina aina mia za herufi, na mwanafunzi hutaka kuzionyesha zote katika toleo la kwanza. Aina mbili zatosha, moja ya vichwa vya habari na moja ya maelezo, ya pili isipungue pointi 11, na 12 ni bora kwa chama chenye wazee wengi. Mitindo ya kichwa, maelezo na jedwali ihifadhiwe ndani ya programu mara moja, ili toleo lijalo lianzie hapo. Jina la chama, namba ya toleo na tarehe viwekwe kwenye ukurasa wa msingi unaojirudia. Namba ya toleo si pambo. Siku ambapo bei iliyobadilishwa na mtu itazunguka katika simu, mwanachama aweze kuuliza, “Ni toleo la ngapi?”

Picha za simu hufaa, mradi ziwe nzito. Kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, picha ya upana wa safu moja ya milimita 87 huhitaji nukta 1,028 hivi. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa. Mpigaji aombwe aitume kama faili. Ifahamike pia kwamba Scribus haimezi picha. Huikumbuka tu mahali ilipo. Faili likibebwa kwa flashi kwenda Mtwara mjini kuchapishwa, na picha zikabaki Msimbati, patatokea masanduku matupu. Programu ina amri ya kukusanya vyote katika folda moja, ama lipelekwe faili la PDF, ambalo hubeba kila kitu tumboni mwake.

Sasa jedwali la bei, ambalo ndilo moyo wa gazeti. Tarakimu zipangwe upande wa kulia, ili makumi yakae chini ya makumi na maelfu chini ya maelfu. Kisha zisahihishwe na watu wawili kwa sauti: mmoja anashika hati ya mnada, mwingine nakala iliyochapwa, na husomwa tarakimu moja moja, “tatu, tatu, sifuri, sifuri”, wala si “elfu tatu mia tatu”, kwa kuwa jicho husoma linachotarajia. Novemba 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, mtu mwenye kilo 850 alitarajia shilingi 2,805,000 kabla ya makato. Chama ambacho kingechapa 3,030 kwa kuteleza kidole kingemwonyesha 2,575,500. Tofauti ni shilingi 229,500, ambayo kwa nyumba nyingi ni karo na sare za watoto. Mkulima angefika ofisini akiwa na karatasi yenye muhuri wa chama, na katibu angekuwa na kazi ya kuukana muhuri wake mwenyewe. Kosa likitokea licha ya yote, lisahihishwe katika toleo linalofuata, ukurasa wa kwanza, kwa maneno ya wazi. Kulificha kwenye ukurasa wa mwisho ni kulirudia.

Gazeti la kurasa nne hutoka katika karatasi moja ya A3 iliyokunjwa katikati. Upande wa nje hubeba ukurasa wa 4 kushoto na wa 1 kulia. Upande wa ndani hubeba wa 2 na wa 3. Kwa kurasa nane huhitajika karatasi mbili: 8 na 1, nyuma yake 2 na 7, kisha 6 na 3, nyuma yake 4 na 5. Asiyeamini akunje karatasi chakavu, aandike namba kwa penseli, aifungue na kutazama. Chama kisicho na printa ya A3 chaweza kutumia A4 na kupata kurasa ndogo, au kutoa karatasi moja tu yenye pande mbili, ambayo mara nyingi yatosha. Idadi ya nakala isizidi uwezo. Nakala moja kwenye ubao wa ghala, moja kwa kila tawi, moja kwa kila mjumbe wa bodi, moja au mbili mahali watu wanapokaa kungoja, huwafikia wengi kuliko mamia yaliyofungwa kamba ofisini. Nakala ya ubaoni iwe na herufi kubwa zaidi. Na kwa watakaosoma katika simu, itengenezwe sura ya pili yenye safu moja, kwa maana safu mbili za A4 katika kioo kidogo humlazimu msomaji kuvuta huku na kule hadi akakata tamaa.

Pwani ina adui wake. Msimu wa mnada wa korosho, unaoanza Oktoba, hukutana na mvua za kwanza, na hewa ya bahari hulowesha karatasi hata ikiwa ndani ya kabati. Karatasi yenye unyevu hujikunja, huingia printani mbili mbili na kukwama. Rimu ifunguliwe siku ya kuchapa, na iliyobaki irudishwe katika mfuko wake na kufungwa barabara. Umeme ukikatika, kompyuta ya mezani hupoteza yote ambayo hayakuhifadhiwa; kompyuta ya mkononi yenye betri nzima ni kinga ya kwanza, na kidole kilichozoea kubonyeza Ctrl na S kila baada ya aya ni kinga ya pili.

Yapo mambo mawili ya sheria ambayo bodi yapaswa kuyatazama kabla ya toleo la kwanza. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 hudai leseni kwa magazeti, na chama kiulize kwa mamlaka husika kama chapisho lake la ndani laguswa nayo. Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 hulinda habari za mtu mmoja mmoja. Bei, makato, jumla ya kilo za chama na maazimio ya mkutano ni habari za wote. Orodha ya wadaiwa wa salfa, kwa majina na kiasi, si ya kubandikwa ubaoni kabla ya kupata ushauri, hata kama baadhi ya wajumbe wanatamani sana iwe hivyo.

Limebaki suala la nani ajifunze. Vyama vingi humtwika kazi hii kijana mmoja mwenye ujuzi. Huifanya vizuri kwa msimu mmoja, kisha hupata kazi Dar es Salaam na kuondoka na neno la siri la kompyuta kichwani. Yafaa wajifunze watatu: katibu, karani wa ghala, na mwanachama asiye mtumishi, ambaye ndiye atakayesema, “Hapa sijaelewa.” Wakutane mara mbili kwa wiki. Wiki za mwanzo waige ukurasa wa gazeti lolote zuri, kwa maneno yao wenyewe, bila haraka ya kubuni. Ufuta na mbaazi huuzwa kabla ya korosho, na taarifa za minada hiyo zafaa kuwa toleo la majaribio. Mafaili yahifadhiwe katika kompyuta ya ofisi na katika flashi mbili, moja ikikaa nje ya ofisi, na neno la siri liwekwe katika bahasha ndani ya sanduku la fedha.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

Katika msimu uliopita, mwanachama wa mbali zaidi katika chama chenu alipata habari ya bei ya mnada siku ngapi baada ya mnada wenyewe, na kwa kinywa cha nani?

Chukueni hati moja ya malipo na mwandike kila kato kwa sentensi moja inayoeleweka na mtu asiyekuwapo mkutanoni. Ni kato gani lililowashinda kulieleza, na ni nani aliyestahili kulieleza?

Pimeni ubao wa matangazo wa ghala lenu. Kipi kimebandikwa sasa, kina tarehe gani, na nani aliyekibandika?

Pigeni hesabu ya karatasi, wino na nauli kwa toleo moja la nakala 30, kisha mgawanye kwa idadi ya wanachama. Matokeo yapelekwe kwenye bodi pamoja na ukurasa wa mfano, uliokwisha kusomwa kwa sauti na watu wawili.